Homa Bay yahamia Bungoma: Hitilafu ya alama moja ambayo wewe unaweza kuirekebisha

Fungua laptopu, washa Python, kisha andika hivi: int("-0"). Bonyeza Enter. Jibu ni 0. Alama ya kutoa imemezwa, na kompyuta haijasema hata pole.

Ukiwa Nairobi au Mombasa, unaweza kucheka na kuendelea na shughuli zako. Ukiwa Homa Bay, alama hiyo iliyomezwa ina urefu wa takriban kilomita 114.

Hebu tuelewane kwanza. Mahali popote duniani hutajwa kwa namba mbili: latitudo, yaani umbali wako kutoka Ikweta kwenda kaskazini au kusini, na longitudo, yaani umbali wako kutoka mstari wa Greenwich kwenda mashariki au magharibi. Digrii moja ina dakika 60, kama saa ya ukutani. Mji wa Homa Bay uko digrii 0 na dakika 31 kusini, na digrii 34 na dakika 27 mashariki. Kompyuta haijui kusini ni wapi, kwa hivyo tulikubaliana kwamba kaskazini iwe chanya na kusini iwe hasi. Ukigeuza dakika kuwa desimali, Homa Bay inafaa kusomeka -0.5167.

Sasa tazama kinachotokea ndani ya msimbo (mtaani tunaita kodi, ingawa si ile ya landilodi). Unapokea digrii peke yake na dakika peke yake. Unaichukua ile "-0" na kuigeuza iwe namba kamili. Lakini katika namba kamili hakuna kitu kinachoitwa hasi sifuri. Sifuri ni sifuri tu. Halafu unajumlisha dakika 31 zilizogawanywa kwa 60. Jibu: 0.5167, chanya. Mji mzima wa Homa Bay umeinuka na kivuko chake na samaki wake, umeruka Ikweta, umeipita Mumias juu kwa juu, na kutua kilomita kumi na kitu magharibi mwa mji wa Bungoma.

Mara nyingi anayefanya hesabu hiyo si wewe. Ni maktaba. Usifikirie rafu za vitabu. Maktaba ya programu ni fungu la msimbo ambao mtu mwingine ameshauandika ili wewe usianze kutoka sifuri. Unataka kusoma data ya GPS kutoka kwa kifaa cha pikipiki? Kuna maktaba. Unataka kujua umbali kati ya Rongo na Isebania? Kuna maktaba. Unaiita kwa mstari mmoja, inakufanyia kazi, na wewe unaonekana msee wa maana mbele ya mteja.

Maktaba zenye majina makubwa, kama PROJ iliyoanzishwa na Gerald Evenden akiwa katika idara ya jiolojia ya Marekani, zimepita mikononi mwa watu wengi kwa miongo mingi, na makosa ya namna hii ni nadra kuyakuta humo. Balaa liko kwa maktaba ndogo: ile ambayo mtu mmoja aliiandika wikendi, akaiweka mtandaoni, kisha akapata kazi nyingine. Liko pia katika ile mistari mitano ambayo wewe mwenyewe uliinakili mahali kwa sababu "ni hesabu ya darasa la saba tu".

Simu yako, kwa kawaida, haina shida hii. Inakupa desimali pamoja na alama yake. Shida huja pale data inapofika ikiwa imekatwakatwa. Vifaa vingi vya GPS, vikiwemo vile vinavyofungwa kwenye magari na boti, huzungumza kwa mfumo unaoitwa NMEA, ambapo Homa Bay huandikwa 0031 na kitu, ikifuatiwa na herufi S ya kusini iliyokaa kando. Picha unayopiga ikiwa imehifadhi mahali, ndani yake kuna digrii, dakika na sekunde kama namba tatu tofauti, na ile S tena iko kivyake. Fomu za utafiti wa nyanjani ndizo zimezidi: mmoja anaandika "0 31 S", mwingine "-0 31", wa tatu anaacha alama kabisa kwa sababu "si kila mtu anajua tuko kusini?"

Na ukifungua faili ya NMEA kwenye Excel kabla ya kuipitisha kwa maktaba, Excel itafuta sifuri za mwanzo. 0031.6 inakuwa 31.6. Maktaba, iliyozoea kuchukua tarakimu mbili za kwanza kama digrii, inasoma digrii 31. Hapo hata Bungoma ungeishukuru. Latitudo hiyo ya kusini iko chini kuliko jiji la Durban.

Utauliza: kwani waliotengeneza vitu hivi hawakuvijaribu? Walivijaribu, lakini huko kwao. Mtu wa Berlin ana digrii 52 kaskazini, hana hasi yoyote. Mtu wa Sydney ana hasi, lakini ni hasi 33, na 33 haipotezi alama yake. Ili uione hitilafu hii ni lazima usimame kwenye ule mshipi mwembamba kati ya Ikweta na digrii 1 kusini. Kisumu imo. Nakuru, Kericho, Kisii na Nyeri zimo. Mbarara kule Uganda imo, na Quito huko Ecuador, na Padang nchini Indonesia. Kaunti ya Homa Bay, kuanzia Kendu Bay na Mbita hadi Ndhiwa, imo yote.

Nairobi haimo. Jiji letu kuu liko digrii 1 na dakika 17 kusini. Kwa hivyo hata mtaalamu wetu wa Nairobi, Mkenya kamili, akijaribu msimbo wake kwa ofisi yake mwenyewe, ataona kila kitu kiko shwari.

Wazungu nao wana toleo lao, tusije tukajiona tumelaaniwa peke yetu. Katikati ya London ni kama dakika 7 magharibi mwa Greenwich, yaani hasi sifuri ya longitudo. Alama ikipotea, Westminster inahama kama kilomita 16 kuelekea mashariki, na mtu analalamika siku hiyo hiyo. Sisi tukihama kilomita 114 kimya kimya, nani alalamike?

Tuje Migori, kwa sababu huko mambo yanakuwa matamu zaidi. Mji wa Migori uko digrii 1 na dakika 4 kusini. Msimbo mbovu kabisa huchukua -1 kisha hujumlisha dakika 4 badala ya kuzitoa, na kupata -0.9333. Hiyo inaisogeza Migori karibu kilomita 15 kaskazini, jirani na Awendo. Kosa hili linaonekana upesi kwa sababu linagusa Nairobi, Johannesburg na Sydney pia. Basi msanifu anaweka sharti: digrii ikiwa chini ya sifuri, toa dakika, la sivyo, jumlisha. Nairobi inarudi mahali pake. Migori inarudi. Watu wanafunga laptopu wakaenda kunywa chai.

Lakini sifuri si chini ya sifuri. Homa Bay bado iko Bungoma.

Mimi naona marekebisho haya ya nusu ni mabaya kuliko kosa la mwanzo. Kosa la mwanzo linakosea kila mahali kusini mwa Ikweta, na mtu atapiga kelele. Hili la pili linawaonea watu wa mshipi mmoja tu, na msitari wa digrii 1 kusini unapita katikati ya Kaunti ya Migori. Rongo na Awendo ziko upande wa sifuri. Migori mjini, Kehancha na Isebania ziko upande wa moja.

Tuseme kuna boda boda iliyofungwa kifaa cha kufuatilia, inatoka Rongo kwenda Migori kwa barabara kuu. Kwenye skrini ya mwenye pikipiki, itaanzia karibu na Kimilili. Dereva anateremka kusini. Nukta inapanda kaskazini, kwa sababu ramani imekuwa kioo. Akifika Awendo, nukta iko kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Halafu, kilomita chache kabla ya Migori mjini, anavuka mstari wa digrii 1. Nukta inaruka zaidi ya kilomita 220 kwa kufumba na kufumbua, inatua barabarani na kuendelea vizuri kana kwamba hakuna lililotokea. Mwenye pikipiki atafikiri nini? Kwamba kifaa ni feki, au dereva ni mjanja. Dereva maskini atajitetea vipi mbele ya ramani?

Ziwani ndiko noma yenyewe. Kule, mstari wa digrii 1 kusini ndio mpaka wa Kenya na Tanzania. Ng'ambo ya magharibi kuna mpaka na Uganda, na karibu nao kuna Migingo, kile kisiwa cha mawe chenye ukubwa wa takriban nusu ekari ambacho kila Mkenya ana maoni juu yake. Mpaka huo ulielezwa katika amri ya kikoloni ya 1926, na upimaji wa 2009 ulikionyesha kisiwa kikiwa ndani ya Kenya kwa takriban mita 510. Wavuvi wetu wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu kukamatwa, kutozwa pesa na kunyang'anywa samaki na maafisa wa Uganda. Mvuvi anayetaka kuonyesha alikuwa wapi anahitaji namba inayoaminika.

Migingo iko digrii 0 na dakika 53 kusini. Unajua tayari kitakachofuata. Alama ikipotea, kisiwa kinaibuka mashariki mwa Uganda, upande wa Butaleja, nchi kavu. Mzozo umekwisha, na hatukuulizwa.

Cheka, lakini fikiria boti iliyopata shida usiku, na mtu aliye nchi kavu anapokea ujumbe wa mahali ilipo kupitia mfumo wenye maktaba hiyo. Nukta iliyotua Butaleja itamfanya aamini kifaa kimeharibika, na ataiweka kando.

Kuna makosa yanayojificha vizuri zaidi. Wakulima wa miwa kule Awendo, palipo na kiwanda cha SonySugar, wanajua maana ya kupimiwa shamba: ekari ndiyo pesa. Ukizunguka shamba na GPS kisha msimbo ukalipeleka upande wa pili wa Ikweta, shamba linageuka kama kwenye kioo, lakini ukubwa wake haubadiliki. Ekari zinatoka sawasawa. Mkulima analipwa, ofisi inaridhika, na faili yenye mashamba yaliyo Mlima Elgon inalala kwenye kompyuta miaka nenda miaka rudi. Siku mtu atakapotaka kulinganisha mashamba hayo na picha za setilaiti kuona yameathiriwa vipi na ukame, atakuwa anachunguza miti ya watu wengine.

Maana hitilafu hii si ya peke yake. Ukiwa umeshaingia jikoni, angalia na sufuria nyingine mbili.

Ya kwanza ni ukanda. Wapima ardhi wamegawa dunia katika kanda zinazoitwa UTM, kila moja ikiwa na digrii 6 za longitudo. Nairobi iko ukanda wa 37. Homa Bay na Migori ziko ukanda wa 36. Mpaka ni longitudo ya digrii 36, inayopita magharibi kidogo mwa jiji la Nakuru. Mtu akiandika 37 moja kwa moja ndani ya msimbo kwa sababu ndiyo aliyoizoea kazini, namba za kwetu Nyanza zinatoka za ajabu ajabu.

Ya pili ni kile wanachokiita datamu, yaani umbo la dunia ambalo vipimo vimeegemea. GPS hutumia WGS84. Ramani nyingi za Kenya za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa Arc 1960. Ukichukua namba za Arc 1960 kutoka ramani ya zamani na kuzibandika kwenye simu bila kuzigeuza, hapa kwetu nukta itasogea karibu mita 300 kaskazini na mita 85 hivi magharibi. Mita 85 si kitu ukitafuta soko. Ukitafuta kigingi cha shamba, au ukiwa ziwani jirani na mpaka, ni kitu. Kazi hii usiifanye kwa mkono. PROJ inaijua, mradi umwambie ukweli kuhusu data yako inatoka wapi.

Turudi kwa alama yetu, kwa sababu hiyo unaweza kuishughulikia Jumamosi moja. Dawa yake ni fupi. Soma alama ya kutoa au herufi ya S kwanza, kabla hujagusa hesabu, na uiweke kando. Fanya hesabu yote kwa namba chanya: digrii, jumlisha dakika kwa 60, jumlisha sekunde kwa 3,600. Mwisho kabisa ndipo urudishe alama. Usijaribu ujanja wa kugeuza "-0" kuwa namba ya desimali ukidhani umemaliza. Python itakupa -0.0, ndiyo, lakini ukiiuliza kama -0.0 ni ndogo kuliko 0, itakujibu hapana, na utakuwa umerudi Bungoma.

Na ukishaipata kwenye maktaba ya mtu, usiishie kuirekebisha kwenye laptopu yako pekee. Programu huria ina maana kwamba mlango uko wazi. Maktaba nyingi ziko GitHub. Fungua akaunti, ni bure. Kwanza tafuta kama kuna mtu ameshairipoti. Kama hakuna, andika ripoti fupi: niliingiza hiki, nilitarajia hiki, nilipata hiki. Acha hadithi ndefu. Ripoti nyingi huandikwa kwa Kiingereza, lakini Kiingereza chako kisikutie hofu; namba zinajisemea zenyewe.

Kisha andika jaribio. Jaribio ni mistari michache inayoiambia kompyuta: kila mara mtu akibadilisha maktaba hii, hakikisha digrii 0 na dakika 31 kusini inatoa -0.5167, la sivyo piga kelele. Lipeleke jaribio pamoja na marekebisho yako. Kwa maoni yangu jaribio lina thamani kuliko marekebisho, kwa sababu mtu wa Berlin atakayekuja kuuchezea msimbo huo mwaka kesho hataweza kuiangusha Homa Bay bila kuonywa. Mwenye maktaba akikaa wiki mbili bila kujibu, mkumbushe kwa upole. Wengi wanafanya kazi hiyo bila malipo, usiku, baada ya kazi nyingine.

Usidhani hii ni kazi ya watu wa mbali. Ushahidi, programu huria ya kukusanya taarifa kwenye ramani, ilizaliwa hapa Kenya mapema 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Nawe uliye Rongo University, au Tom Mboya University pale Homa Bay mjini, una kitu ambacho watu wa Silicon Valley hawana: unakaa ndani ya hitilafu yenyewe. Ukitoka nje ya hosteli na kifaa cha GPS mkononi, tayari unafanya jaribio.

Onyo moja tu. Jaribio likishaingia kwenye maktaba, linasomwa na dunia nzima na halifutiki kirahisi. Usitumie pini ya nyumba ya shangazi yako. Tumia mahali pa umma. Napendekeza Thimlich Ohinga, ile ngome ya kuta za mawe iliyojengwa bila udongo wala saruji kule Migori, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia 2018. Iko digrii 0 na dakika 53 kusini, digrii 34 na dakika 19 mashariki. Kuta zake zimesimama kwa karne kadhaa. Msimbo mbovu unazihamishia Uganda, kusini-mashariki mwa Mbale.

Ongeza Migori mjini ili kukamata wale wa marekebisho ya nusu, na Eldoret, ambayo iko dakika 31 kaskazini, kuhakikisha hujageuza kila kitu kuwa hasi kwa hasira. Mwisho weka Mbita: dakika 25 kusini, digrii 34 na dakika 12 mashariki. Inafaa itokee ufuoni. Ikitokea Busia, piga picha ya skrini uibandike kwenye ripoti yako.